Mzee Amenipa Gari, Lakini Mikono Yangu Bado Inatetemeka

SWALI

Habari yako mshauri. Sijawahi kuandikia mtu kitu kama hii na nimeianza nikaifuta kama mara nne, lakini leo nimeamua naandika yote hadi mwisho juu nikiendelea kukaa nayo peke yangu itanimaliza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Githurai na bibi yangu na watoto wawili. Kazi yangu ni dereva wa matatu, ama niseme ilikuwa, zile fotini (matatu za abiria 14) za Nairobi-Nakuru zinapakia pale Nyamakima, Nairobi. Nilianza kama konda nikiwa na miaka 19, sina kazi sina mtu, na mwenye alinishika mkono ni dereva mmoja wa siku nyingi, nitamuita tu Mzee juu sitaki ajulikane. Nilimfanyia ukonda miaka sita. Yeye ndiye alinitoa kwa mlango akanikalisha kwa usukani, akanilipia nusu ya pesa ya shule ya udereva, akanifundisha gari, akanifundisha pia vile mtu anaishi na pesa ya kila siku bila kuimaliza kila siku. Baba yangu nilimjua kidogo sana. Ukiniuliza baba ni nani, mimi kichwani naona Mzee.

Siku ya kwanza kunipa gari ilikuwa Jumapili, uwanja fulani wa vumbi huko nyuma ya Kasarani. Nikashika usukani mikono ikaanza kutetemeka, ata gia ya kwanza ikakataa kuingia. Akaniangalia akaniambia, "Kijana, usukani haushikwi na mkono unaotetemeka." Akazima gari akatoa ufunguo, tukaenda kukunywa chai kwa mama mmoja hapo kando, tukakaa tukipiga stori za mpira, tukarudi nikaendesha. Hayo maneno hayajawahi kunitoka. Nimeendesha miaka nane nikiyabeba kama kitambulisho.

Na Mzee si mtu wa kuogopa kitu, nataka uelewe hapo. Ukungu wa Kimende ule wa asubuhi, wengine wanapaniki wengine wanakimbiza tu na kuomba Mungu, yeye alikuwa anazima redio anaambia abiria wanyamaze kabisa, na wakinung'unika ati amechelewa anawaambia mwenye ana haraka ashuke. Kila asubuhi kabla tupakie alikuwa anazunguka gari na kipande cha mti anagonga taya, yaani tairi, moja moja, mvua ama jua. Kitu moja tu ndio sikuwahi kuelewa. Tukikodiwa safari ya Eldoret, giza likitupata Nakuru hapiti Salgaa, ule mteremko baada ya Nakuru. Tulikuwa tunalala ndani ya gari hapo Nakuru hadi kupambazuke, ata mwenye gari akikasirika. Hakuwahi kuniambia kwa nini na mimi sikuuliza.

Sasa mwaka jana mwezi wa kumi na moja nikapata ajali. Nilikuwa natoka Nakuru nikirudi Nairobi, raundi ya pili, nilikuwa nimeamka saa tisa usiku na hii ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua inanyesha. Tukiwa tunapanda tukikaribia Kinungi, lori ikatoka upande ule mwingine ikipita ingine, ikaja kwa leni yangu na taa zote. Nikaruka kushoto. Gari likaingia mtaro likalala na ubavu. Hakuna mtu alikufa, nashukuru Mungu kila siku kwa hilo, lakini mama mmoja alikuwa amekaa nyuma yangu alivunjika mguu vibaya, na alikuwa analia akiniita, "Dere, mguu wangu, dere." Polisi walisema kosa ni la lori. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa mkono tu.

Baada ya wiki mbili nikapewa gari ingine. Nikaingia, nikaweka ufunguo, na hapo ndio mambo yakaanza. Moyo ulianza kupiga nikadhani nakufa, jasho, macho kama yanaona kwa bomba, na nikaskia yule mama waziwazi kama yuko hapo nyuma. Nikashuka nikamwambia mwenye gari mgongo unaniuma. Nilijaribu tena mara mbili, ni vile vile. Sijaendesha gari tangu hapo, ni miezi tisa sasa. Nakaa Nyamakima nikiita abiria, siku nzuri napata 700, siku mbaya 300, na nyumba ni 8,500. Nikipanda basi ya kwenda nyumbani nakaa kiti cha nyuma kabisa nisione barabara. Usiku naamka nikikanyaga breki kwa kitanda, bibi yangu ana alama za mateke. Wasee wa steji wananiambia nitafune muguka, yale majani kama miraa, itanipa roho. Pasta ameniombea. Bibi anasema niongee na Mzee.

Na hapo ndio shida. Mzee alistaafu akarudi Njabini, analima viazi na ana ng'ombe. Aliskia kuhusu ajali akanipigia wiki hiyo hiyo, nikamwambia ni kitu kidogo, na nikamwambia nilirudi barabarani. Kila akipiga namwambia kazi iko sawa. Wiki tatu zimepita alinipigia akiwa na furaha sijawahi kumskia nayo, akaniambia amechukua pesa zake za sacco za miaka yote akanunua fotini, iko karibu kutoka kwa fundi, itaingia barabara ya Nakuru mwezi ujao, na hataki dereva mwingine isipokuwa mimi. Alisema hivi, "Nimekununulia kazi." Nikamwambia niko tayari. Nikakata simu nikaenda choo ya steji nikalia.

Sijui nifanye nini. Nikikubali nijilazimishe nitaweka watu 14 nyuma ya mtu anaona giza. Nikikataa nitakuwa nimetupa kila kitu alinifanyia. Nikimwambia ukweli ataona mkono unaotetemeka, na yeye mwenyewe ndiye alisema usukani haushikwi na mkono kama huo. Ama niache udereva kabisa nitafute kazi ingine, lakini nitakuwa nani sasa? Nisaidie mshauri.

Dereva bila usukani, Githurai

JIBU

Ndugu yangu, asante kwa kuandika hadi mwisho. Najua ilikuwa kazi, na hasa najua hiyo sehemu ya choo ya steji haikuwa rahisi kuandika.

Wacha nione kama nimekuelewa. Umeniandikia kuhusu woga wa usukani, lakini nikisoma naona mambo mawili yamefungwa pamoja na kamba moja. Kuna mwili wako ambao tangu ile jioni ya Kinungi ukiingia kiti cha dereva unakataa. Halafu kuna Mzee, mtu aliyekulea, ambaye kwa miezi tisa umekuwa ukimwambia uko sawa na hauko, na sasa ameweka akiba yake ya maisha juu ya hilo neno "niko tayari". Ukiniuliza mimi, hili la pili ndilo linakunyima usingizi zaidi kwa sasa, juu la kwanza umeishi nalo tangu mwaka jana lakini barua umeandika baada ya ile simu. Labda nimekosea. Jiulize tu.

Sasa turudi pale uwanjani Kasarani, maana hapo nilisimama nikasoma tena. Unasema maneno ya Mzee yamekuwa kitambulisho chako, usukani haushikwi na mkono unaotetemeka, na umeyasikia kama sheria, kwamba mwenye kutetemeka hafai. Lakini angalia alifanya nini baada ya kusema. Hakukuambia shuka uende nyumbani, kazi hii si yako. Alizima gari, akatoa ufunguo, akakununulia chai, akakaa na wewe mkiongea mambo ya mpira ambayo hayahusiani kabisa na gari, halafu mkarudi na ukaendesha. Siku ile ile, na kijana yule yule. Wewe umebeba maneno yake miaka yote ukaiacha chai pale kwa yule mama. Mimi sikuwepo na simjui Mzee, lakini kwa vile umenisimulia, naona mtu aliyekuwa anasema mkono ukitetemeka tunangoja kwanza. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kusema hufai.

Na kuna lingine. Unasema Mzee si mtu wa kuogopa kitu, kisha bila kujua unanihesabia mambo matatu. Anagonga kila taya kila asubuhi, mvua au jua. Akifika kwa ukungu wa Kimende anazima redio na kunyamazisha gari nzima ili asikie barabara. (Na mimi ni mmoja wa wale abiria, nimewahi kumnung'unikia dereva hapo hapo nikienda Krismasi, na leo nikikusoma nimemkumbuka yule dereva nikatamani ningenyamaza.) Halafu Salgaa, giza likiingia hapiti, hata mwenye gari akikasirika, hata kama ni kulala kwa kiti. Ndugu yangu, huyo si mtu asiyeogopa. Mtu asiyeogopa hagongi taya kila siku. Mzee ana woga, tena ana woga mwingi, ila ameupa kazi ya kufanya. Woga wake unashika kile kipande cha mti asubuhi, yeye anashika usukani.

Mambo ya Salgaa unayajua kuliko mimi. Ule mteremko umeua watu wengi sana miaka iliyopita, malori yakishuka yametolewa gia ili kuokoa mafuta, breki zinashika moto na kukataa, na kila dereva wa siku zake ana mtu aliyempoteza hapo au kitu alichokiona hapo. Kwa nini yeye hapiti usiku? Wewe hujui, mimi sijui. Hukumuuliza ukiwa konda wa miaka 20 na pengine haikuwa nafasi yako wakati huo. Sasa una miaka 34 na wewe pia una mahali pako pa kuogopa.

Nije kwa mwili. Haya unayoyaeleza, moyo kupiga, jasho, kuona kama kwa bomba, kusikia sauti ya yule mama, kukanyaga breki ukiwa usingizini, kukaa nyuma ya basi usione mbele, yote yanajulikana na yana jina kwa madaktari, ni mshtuko uliobaki mwilini baada ya tukio la kutisha. Wiki za kwanza karibu kila mtu anayetoka ajalini huwa nayo kidogo, na wengi yanaisha yenyewe. Yakipita mwezi mmoja bado yapo na yanakuzuia kazi, hapo yanahitaji mtu wa kukusaidia, na yako ni miezi tisa. Sio udhaifu wa roho na sio kwamba maombi ya pasta hayakufika. Ni sehemu ya ubongo inayolinda maisha yako, ilijifunza somo moja kwa sekunde mbili pale Kinungi na haijapata nafasi ya kujifunza lingine.

Na hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo katika vile inavyofanya kazi. Ile siku uliingia gari ukashuka ukasema mgongo unauma, ulipata afueni, si ndiyo? Moyo ukatulia. Ubongo ukaandika kwamba kushuka ndiko kulikuokoa. Mara ya pili ukaandika tena kwa wino mzito zaidi. Kiti cha nyuma cha basi, hivyo hivyo. Kila tunapokimbia kitu woga unapungua leo na unaongezeka kesho, na ndio maana miezi tisa ya kupumzika haikukuponya. Lakini kinyume chake si kujirusha ndani mzima mzima. Wanaotibu hali hii hupanda ngazi polepole, kidato kimoja, unakaa hapo hadi mwili uchoke kuogopa, ndio unaenda kingine. Kukaa tu kwa kiti cha dereva gari likiwa limezimwa, limeegeshwa. Kisha kuwasha bila kwenda. Kisha uwanja wa vumbi, ule ule ukitaka. Barabara ya mtaa Jumapili asubuhi. Na mbali sana huko mbele, kama itafika, mvua na jioni na Kinungi. Unaona vile hiyo inafanana na kitu ambacho mtu alikufanyia zamani?

Muguka achana nayo kabisa kwa jambo hili, na hapo nitasema bila kuzunguka. Inaamsha mwili, inapandisha mapigo ya moyo, inafukuza usingizi, yaani inakupa zaidi ya vitu vile vile unavyovikimbia. Pombe nayo inatuliza saa mbili halafu inadai riba.

Sasa hizi njia zako. Umenipa kama nne na kila moja ukaifunga mlango wewe mwenyewe kabla hujaingia, kwa hivyo nataka tuzifungue kidogo.

Kukubali na kujilazimisha bila kumwambia mtu. Wewe mwenyewe umeshasema hatari yake, watu 14, na nafurahi kwamba katika shida zako zote bado unawahesabu abiria. Sina la kuongeza hapo. Pengine mwili ungezoea, wapo waliozoea hivyo. Lakini mwili ukikataa, utakataa ukiwa Rironi gari likiwa limejaa.

Kuacha udereva kabisa. Hapa naona unauliza "nitakuwa nani" kana kwamba jibu ni hakuna. Kuna madereva waliotoka barabara ya Nakuru wakawa wakufunzi wa udereva, wakawa wasimamizi wa magari ndani ya sacco, wakaingia ufundi, wengine wanaendesha mjini tu kwa mwendo mdogo. Si lazima kuacha kuwe ni kushindwa. Swali ninalokuomba ujiulize ni moja, kama ule woga ungeondoka kesho asubuhi, ungetaka kuendesha? Kama jibu ni ndiyo, basi kuacha leo itakuwa ni woga umechagua. Kama ukinyamaza ukasikia ndani kwamba hapana, umechoka na hiyo barabara, basi hilo nalo lina heshima yake na unaweza kulisema. Tahadhari tu, ukiacha bila kutibiwa, zile ndoto hazitajua kwamba umebadilisha kazi.

Kukubali kwa masharti na kwa muda. Hii hukuitaja. Gari ni la Mzee, si la tajiri asiyekujua. Linaweza kuanza mwezi ujao na dereva mwingine, wewe ukiwa msimamizi wake au ukipakia pale pale Nyamakima, huku ukitibiwa na kupanda ngazi yako. Hatari ipo, gari jipya mikononi mwa mtu asiyemjua linaweza kuharibiwa, hesabu, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, inaweza kupotea, na wewe unaweza kujificha kwa huo usimamizi ukajikuta miaka miwili imepita. Lakini haikulazimishi kuamua maisha yako yote ndani ya wiki nne.

Na kabla sijaendelea, kuna kitu ndani ya woga wako ambacho nadhani ni kweli na sitaki kitibiwe kikapotea. Umeniambia uliamka saa tisa usiku na ajali ilitokea saa kumi na mbili na nusu jioni, raundi ya pili. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukifika Kinungi mara hiyo ya mwisho ulikuwa umeendesha zaidi ya kilomita 550, umekuwa macho zaidi ya masaa 15. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la abiria asizidishe masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24. Kosa lilikuwa la lori, polisi walisema, na mimi sikulaumu hata kidogo, uliruka kushoto ukiwa umechoka vile na watu wote wakaishi. Lakini labda sehemu ya mwili wako inayokataa inasema pia kwamba ile kazi kwa namna ile ilikuwa hatari kweli. Hesabu ya kila siku ndiyo inayompeleka dereva raundi ya pili. Na sasa, kwa mara ya kwanza, mwenye gari ni mtu anayegonga taya na anayelala Nakuru badala ya kupita Salgaa. Kama kuna mtu unaweza kukaa naye chini mkaongea raundi ngapi na hesabu ngapi, ni huyo.

Ambayo inanirudisha kwa kumwambia. Unaogopa ataona mkono unaotetemeka. Anaweza kukata tamaa, sitakudanganya. Anaweza kukasirika, na nadhani akikasirika itakuwa kwa ule uongo wa miezi tisa zaidi ya ule woga, maana wazee wetu wengi wanavumilia udhaifu kuliko kufichwa. Anaweza kunyamaza kwa simu mpaka ukasikia ng'ombe wake. Anaweza pia kukuambia "jikaze", akidhani anakusaidia, na itakuuma. Yote hayo yanawezekana. Lakini fikiria pia upande wake, mtu ameweka pesa za maisha yake barabarani bila kujua hali ya barabara. Yeye asiyetoka steji bila kugonga taya, angependa kujua kuhusu hii au asingependa? Hilo swali wewe unamjua, jibu unalo.

Ukiamua kumwambia, usianze na gari. Anza na ile ajali vile ilivyokuwa, lori, mvua, yule mama. Umenieleza mimi nisiyekujua kwa maneno machache na nikaiona yote. Na kama moyo utakuruhusu, muulize kuhusu Salgaa. Usimuulize kama mtego, muulize tu kama mtu anayetaka kujua.

Kuhusu msaada wa daktari, naomba usisubiri uamuzi wa gari. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili, unaipita kila siku hapo Thika Road ukienda Githurai, na najua vile jina lake linatajwa mtaani, lakini kuna kliniki ya watu wanaokuja kwa miguu yao na kurudi nyumbani jioni, wenye shida ya usingizi, ya mshtuko, ya huzuni. Hospitali ya Kenyatta pia wana idara hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199, unaweza kuongea na mshauri kwa simu ukiwa hapo hapo Nyamakima ukipata kona yenye kimya. Uliza hasa kuhusu matibabu ya mshtuko baada ya ajali, taja ajali kwanza, usianze na mgongo. Na bibi yako aende na wewe kama anaweza, ana mateke ya kueleza na yeye.

Yule mama wa mguu sijui kama umewahi kumtembelea au kumpigia. Hujasema, na sitakusukuma. Nimetambua tu kwamba kwa barua yako bado amekaa nyuma yako analia, na huenda siku hizi anatembea.

Jambo moja la mwisho, ni la njia tu. Unasema Mzee yuko Njabini. Kuongea kwa simu unaweza, lakini mambo kama haya ni vizuri mtu akaona uso. Gari za Njabini zinafuata barabara yako ile ile, Rironi, Kimende, hadi Soko Mjinga na Flyover, halafu zinaiacha na kukata kuelekea Kinangop. Kinungi iko mbele zaidi, gari haifiki huko. Panda asubuhi ukungu ukishatoka, siku kavu, ukae kiti chochote utakachoweza, cha nyuma kama ni hicho, na ukiweza cha katikati karibu na dirisha. Mwambie dereva mapema unaweza kuomba kushuka. Pale Soko Mjinga shuka ununue kitu cha kumpelekea, na kama mikono itakuwa inatetemeka ukihesabu pesa, wamama wa pale wamezoea baridi, hawatauliza.

Niandikie ukifika.